Mwaka Tulioupima Mtama Upya

Tumemzika Dakta Elia wiki iliyopita, kule Miyuji, na viatu nilivyovaa siku ile bado vina vumbi jekundu kwenye mshono, sijapata moyo wa kuvifuta. Wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana mmoja wa kanisani. Alisoma vizuri tu: kazaliwa wapi, kasoma wapi, kaoa lini, kaajiriwa kituo cha utafiti wa mazao, "na baadaye akapunguzwa kazini." Hapo akameza mate, akarukia watoto na wajukuu. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, damu inanichemka. Kupunguzwa! Kama sketi iliyokuwa ndefu mno. Baada ya maziko, tukiwa tunakula wali na maharage, binti yake Neema akanijia, akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, wewe ulikuwepo. Watu wanasema mtama wa baba ulikuwa wa kubahatisha, ndiyo maana wakamtoa. Hivi ulikuwa wa kweli, au haukuwa?" Nikamwambia nitamjibu, ila si kwa sentensi moja na kijiko kikiwa mdomoni. Jibu lenyewe lilituchukua mwaka mzima, kutoka mavuno hadi mavuno, na mwaka huo ndio ulionitengeneza mimi huyu anayemwona. Basi naandika.

Kwetu wapi, nani alinisomesha, hayo tuyaache, hayana utamu. Nilishuka stesheni ya Dodoma mwezi wa tano, nina sanduku la bati na cheti cha takwimu ambacho wino wake haujakauka vizuri. Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu tangu nikiwa shuleni yalianza kujaa sabuni, dawa ya meno na redio kaseti, mitumba ilimwagwa chini sokoni mtu anachambua mpaka mgongo unauma, na kila aliyeajiriwa na serikali alikuwa akisikiliza habari kwa sikio moja huku jingine limetegwa mlangoni, kwa sababu ndiyo miaka ile wafanyakazi walipoanza kupunguzwa. Neno lenyewe lilisemwa kwa kunong'ona. Kituo chetu kilikuwa nje ya mji, majengo marefu ya mabati, ghala la mbegu lenye harufu ya dawa ya wadudu inayokaa kwenye nywele hata ukiosha, na kompyuta moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Umeme ukikatika tulirudi kwenye kalkuleta na penseli, na ukikatika muda mrefu tulirudi kwenye umbea.

Dakta Elia hakuwa daktari. Alikuwa na shahada ya pili ya kilimo, basi. Lakini watu wa vijijini walishamwita hivyo, na mara mbili tatu nilishuhudia mtu kaja ofisini na mtoto ana homa, na yeye, badala ya kumfukuza, anapakia wote kwenye gari la kituo na kuwapeleka hospitali. Alikuwa mrefu, mwembamba, Mgogo wa kuzaliwa upande wa Chamwino, mwenye kicheko kinachoanza kabla hujamaliza mzaha. Kwa kuwa sikuwa na pa kulala, alinipa chumba cha uani nyumbani kwake Miyuji, wakati huo mahali pa nyumba chache na miiba mingi. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la wavu na ukuta mmoja ulionitenganisha na jiko la mkewe, Mama Neema. Ukuta ule haukuzuia kitu. Nilisikia kila mwiko ulivyogonga sufuria, na kila neno. Jioni tulikula pamoja, ugali wa mtama mweusi tititi na mlenda unaovutika kutoka bakulini hadi kidevuni, na mimi niliyezoea wali nilihangaika nao mpaka Neema, wakati huo mtoto wa darasa la pili, akaangua kicheko. "Mama, mgeni anakula kama anavuta uzi!" Mama Neema akamkanya, kisha akacheka yeye zaidi. Nilipendwa nyumba ile, na niliipenda.

Sasa nieleze kilichotuweka roho mkononi. Kwa miaka kumi Dakta Elia alikuwa akichagua na kuchagua mtama mmoja unaokomaa mapema, upate kuvunwa kabla mvua za Dodoma hazijamkimbia mkulima, maana mvua zetu zina tabia ya kuondoka bila kuaga. Msimu mmoja kabla sijafika, aliupeleka kwa wakulima wa vijiji vya Chamwino. Kila kaya iligawa shamba katikati: upande mmoja mbegu yao ya kienyeji, upande wa pili mbegu mpya. Mavuno yakapimwa, na mtama mpya ukaushinda wa zamani kwa mbali. Watu wakashangilia, wafadhili wakasikia, wakasema wako tayari kutoa fedha mbegu hiyo ienee nyanda za kati zote. Lakini walikuwa na sharti: jaribio lirudiwe msimu wa pili, vijiji vingine, upande wa Mkonze, na safari hii kwa utaratibu waliouandika wao. Matokeo yakijirudia, mbegu inasambazwa na idara ya Dakta Elia inaendelea. Yasipojirudia, idara inafungwa, na yeye yumo kwenye punguzo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wazi kama mchana. Nilipofika, mavuno ya msimu huo wa pili ndiyo yalikuwa yanapimwa, na mimi, kitoto cha juzi, ndiye niliyepewa kazi ya kuyakokotoa.

Nilikokotoa mara tatu, nikitumaini kila mara kwamba nimekosea. Mtama mpya ulishinda tena, ndiyo, lakini kidogo, na ushindi huo haukuvuka mstari. Mstari ni hivi. Hata ukipanda mbegu ile ile pande zote mbili, upande mmoja utazidi mwingine kwa sababu ya panya, kivuli, mkono wa mpaliliaji. Kwa hiyo unajiuliza: kama mbegu hizi hazina tofauti kabisa, je, bahati peke yake ingeweza kunipa pengo kubwa kama hili? Kama ni nadra sana, tunasema tofauti imevuka mstari, ni ya kuaminika. Kama si nadra, tunanyamaza. Msimu wa kwanza ulivuka kwa kishindo. Wa pili ukaishia mlangoni.

Nilimpelekea Mkurugenzi. Alikuwa mtu mwema, mwenye kisukari na haraka, anayekunywa chai ya saa nne bila sukari huku akilitazama bakuli la sukari kwa huzuni. Akasoma, akavua miwani. "Kwa hiyo limefeli."

"Halijafeli, Mzee. Halijavuka."

"Binti, wafadhili watauliza swali moja: limejirudia au halikujirudia? Kwanza lilivuka, sasa halikuvuka. Wewe unaitaje hiyo?" Nilikunja karatasi zangu, nikatoka ofisini kwake, nikapita dirisha la Dakta Elia, nikamwona anapanga masuke mezani kwa urefu, anapiga mluzi. Sikuweza kuingia.

Jioni ile kabla ya chakula niliwasikia wao wawili jikoni, ukuta ule ule. "Wakikutoa tutakula nini?" Mama Neema aliuliza, si kwa ugomvi, kwa sauti ya mtu anayechambua mchele. Dakta akajibu, "Hawanitoi kama mtama ni mzuri." "Na kama si mzuri?" Nikamsikia Dakta akisema, "Basi miaka kumi nilikuwa nacheza." Jamani, niliuma shuka. Siku hizi nina vijana wangu ofisini, wana kompyuta kila mmoja, wananiletea matokeo mbio mbio na neno lao la kwanza ni moja: yamevuka, mama! Ninawapenda, lakini nawaambia nendeni mkakae na mtu ambaye maisha yake yananing'inia kwenye mstari huo, halafu mje mniambie mstari ni nini.

Kesho yake nilichukua karatasi na rula. Nikachora nukta ya msimu wa kwanza, mbali kule kulia, na kulia na kushoto kwake nikavuta mstari wa aina nyingine, kuonyesha ukweli unaweza kuwa kuanzia wapi hadi wapi, kwa kuwa hakuna kipimo kisicho na wasiwasi. Chini yake nikachora nukta ya msimu wa pili, karibu zaidi na sifuri, yaani pale ambapo mbegu hazina tofauti, nayo nikaipa mstari wake. Nikatazama. Lo! Mistari ile miwili ilikuwa imelaliana. Sehemu kubwa ya wa kwanza ilikuwa juu ya wa pili. Mmoja ulikuwa hauigusi sifuri, mwingine umeigusa kwa kidole tu, na kwa sababu ya kidole hicho tulikuwa tunasema mmoja kasema ndiyo na mwingine kasema hapana! Nikazipima zenyewe kwa zenyewe, msimu kwa msimu: pengo kati yao lilikuwa la kawaida kabisa, bahati inaweza kulileta hata bila mtu kuiita. Hazikuwa zimegombana. Tena nilipoziunganisha pamoja, mtama mpya ulivuka mstari bila shida.

Nilikimbia. Kweli nilikimbia, kandambili mkononi, mpaka ofisini kwa Dakta. Akaiangalia karatasi muda mrefu. Nilimweleza kwa pupa, na yeye alinielewa haraka kuliko nilivyojielewa. "Kwa hiyo kosa letu," alisema, "ni kuuliza kila msimu ndiyo au hapana, badala ya kuuliza kiasi gani na kwa uhakika gani, halafu tukaona kama misimu miwili inapatana." Nikasema ndiyo hivyo hasa. Akanishika bega, akasema, "Mwanaidi, umeniokoa," na macho yake yakalowa. Jioni Mama Neema alichinja kuku. Mkurugenzi naye alifurahi, akaagiza nitengeneze maelezo ya kikao cha wafadhili mwezi wa nane. Mimi nilivimba kichwa, sitaki kudanganya. Nilitembea Dodoma nzima kama aliyeinunua.

Wiki mbili kabla ya kikao nilipata lifti ya gari la kituo kwenda Chamwino, kuwashukuru wakulima wa msimu wa kwanza na kuwapelekea chumvi na sabuni kama shukrani ndogo. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Yeremia, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, mjane, anayeishi kwenye tembe lenye paa la udongo ambalo lazima uiname kuingia, na ndani ni baridi ya ajabu hata jua likiwaka vipi. "Mbukwa!" akanisalimu kwa Kigogo, na mimi nikaitikia ninavyojua, akacheka lafudhi yangu. Shikamoo yangu akaipokea, akaniketisha kwenye kigoda, akaniletea ugali na maziwa ya mgando. Nilikula. Kisha nikatoa maneno ya ofisini: tunashukuru, mbegu ilifanya vizuri sana kwako.

"Ingekosaje kufanya vizuri?" akasema. "Niliiweka zizini."

Nikauliza zizini vipi. Akaninyooshea kidole mlangoni, nje kule, kwenye kipande cha shamba ambacho hata mabua yake makavu yalikuwa manene kuliko mengine. Palikuwa zizi la ng'ombe zamani za marehemu mumewe, samadi ya miaka na miaka. Mwenyewe hupanda mahindi pale. "Lakini amekuja Dakta, mtoto wetu, kaleta mbegu mgeni. Ningeipeleka wapi? Kwenye mchanga? Watu wangenisema mpaka kanisani. Yetu ya kienyeji ndiyo niliyoipeleka mchangani, imezoea." Akanipiga kofi la begani kwa furaha. "Mgeni wenu alilala pazuri, usiwe na wasiwasi!"

Niliaga kwa adabu, nikaenda nyumba ya jirani. Huko nako mbegu mpya ilipewa zizi la zamani. Nyumba iliyofuata hawakuwa na zizi, wakaipa sehemu ya bondeni inayoshika maji. Si wote, lakini wengi, na kila mmoja alinieleza kwa fahari, kama anayeeleza alivyomtandikia mgeni godoro jipya. Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyeulizwa. Sisi tuliwaambia gawanyeni shamba katikati, tukaondoka, na hatukusema nani achague upande upi uwe wa nani. Kule Mkonze, msimu wa pili, utaratibu wa wafadhili ulilazimisha upande uchaguliwe kwa kurusha shilingi. Ndiyo maana ushindi ulisinyaa. Ile karatasi yangu nzuri ya mistari inayolaliana ilikuwa imeunganisha mtama na samadi, ikaviita jina moja.

Narudi Miyuji kwenye gari, nasema na nafsi yangu. Hesabu zangu hazikuwa na kosa, kikao kingezikubali, hakuna mfadhili atakayekwenda kula maziwa kwa Mama Yeremia. Na kama ningenyamaza, Neema angeendelea na shule, Mama Neema angelala usingizi. Nilifika, nikawakuta barazani, Dakta anabangua karanga, mkewe anasuka ukili. Nilitaka kusubiri mpaka tubaki wawili, lakini mimi na uso wangu hatujawahi kuficha kitu. "Kuna nini?" Dakta akauliza. Nikamwambia yote.

Sikutegemea, akaanza kucheka, kicheko kile kile, mpaka karanga zikamwagika. "Zizini!" alisema. "Mama yangu mzazi angefanya vivyo hivyo. Na mimi nimekulia hapo, Mwanaidi! Nimeona wageni wanapewa mapaja ya kuku maisha yangu yote, haikunijia kwamba na mbegu ni mgeni." Akacheka tena, halafu kikaisha ghafla, akafuta uso kwa kiganja.

Mama Neema hakucheka. Aliuweka ukili chini. "Na wewe umekuja kuyasema haya," aliniambia, taratibu. "Umekula kwangu, umelala kwangu. Ungekaa kimya ungepungukiwa nini?"

"Mama, angekuja kujua."

"Angejulia wapi? Nani angemwambia?" Sauti yake ilipanda, mara ya kwanza kuisikia ikipanda. "Mtoto wa watu, hujui kulea, hujui kufukuzwa. Unajua penseli!" Dakta akasema, "Mke wangu, tafadhali," akamgeukia kabisa. "Nisikilize. Mimi nataka kujua kama mtama wangu ni mzuri. Kwamba zizi ni zuri, hilo babu zangu walilijua bila kulipwa mshahara." Mama Neema akaingia ndani. Kuanzia siku ile chakula changu kililetwa na Neema, kimefunikwa, na kupitia ukutani sikusikia tena neno, vyombo tu.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi mdogo wa kituo, feni inazunguka bila kuleta upepo. Wafadhili walituma mama mmoja wa makamo, mzungu, mwenye kusikiliza sana, anazungumza Kiswahili cha kunyoosha. Nilikuwa nimejiandaa niseme mimi. Dakta Elia akasimama kabla yangu. Akaeleza msimu wa kwanza, akaeleza mazizi, akaeleza kwa nini matokeo yale lazima yatolewe kwenye hesabu. Hakunitaja. Alisema "tumegundua." Mkurugenzi aliinamisha kichwa, akanong'ona nikamsikia, "Dakta, unajikata mwenyewe." Yule mama akauliza, "Sasa unabaki na nini?"

"Nabaki na msimu mmoja," Dakta akajibu, "unaosema labda. Neno labda si ndiyo, wala si hapana. Naomba urudiwe. Chamwino na Mkonze pamoja, shilingi irushwe kila shamba."

Fedha za kurudia zilitoka, kidogo, za msimu mmoja. Fedha za idara hazikutoka. Mwezi wa tisa barua za punguzo zilipokuja yake ilikuwemo, na Mkurugenzi, nimpe haki yake, hakumtuma tarishi; aliipeleka mwenyewe Miyuji, akakaa barazani saa nzima akinywa chai kavu. Dakta akawa mkulima wa zabibu kwenye kiwanja cha nyuma. Jaribio likaachwa mikononi mwangu. Nilitaka kuhama nyumba ile kwa aibu, lakini yeye alikataa. "Ukihama nitamuuliza nani habari za mtama?"

Msimu ule nilijifunza kazi. Nilikwenda kila shamba na shilingi, kichwa ni mbegu mpya upande wa kulia, mwenge ni kushoto, na watu walicheka mpaka basi. "Siku hizi serikali inacheza kamari?" Mzee mmoja wa msikitini Mkonze alikataa katakata, kamari ni haramu, ikabidi nimweleze kwamba hakuna anayekula wala kuliwa, ndipo akakubali shingo upande, akitaka nirushe yeye akiwa ameangalia pembeni. Kwa Mama Yeremia shilingi iliangukia vibaya: zizi likaenda kwa mbegu ya kienyeji, mgeni akatupwa mchangani. Alishika kiuno. "Haiwezekani. Rusha tena."

"Hatuwezi kurusha tena, mama."

"Mtoto wa Chamwino kafukuzwa kazi, na mimi nimlaze mgeni wake nje?" Alikuwa karibu kulia, na mimi pia. Nikamwambia ukimpendelea hutamsaidia, watasema tena ni zizi. Nikamsihi apalilie pande zote sawa, asimwongezee hata jembe moja. Alitafuna midomo, mwishowe akasema, "Haya. Lakini naifanya kwa ajili yake." Na kila nilipopita msimu ule nilikuta ameketi katikati ya shamba lake kama refa, ananiambia, "Sawa sawa! Njoo uangalie, sawa sawa!" Nami niliangalia, kwa sababu nilishajifunza kuuliza.

Mvua zilikuja, zikaondoka mapema kama kawaida yao. Mwezi wa tano tukavuna, tukapura, tukapima. Nilifanya hesabu mchana, umeme upo, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Safari hii sikujiuliza kwanza kama umevuka. Nilijiuliza ni kiasi gani, na kama Chamwino na Mkonze wanasema jambo moja, na kama wanapatana na msimu wa pili. Walipatana. Nukta tatu zilisimama karibu karibu, upande mmoja wa sifuri, na nilipoziunganisha zikawa na uhakika ambao hakuna hata moja iliyokuwa nao peke yake. Nilifunga daftari, nikatembea kwa miguu mpaka Miyuji, jua la saa tisa kichwani.

Dakta Elia alikuwa anapogoa zabibu. Aliniona, mkasi ukabaki hewani.

"Ni ndogo," nikasema. "Ni ndogo sana kuliko tulivyotangaza mwanzo."

"Hata ukiondoa mazizi?"

"Safari hii mazizi yaligawanywa na shilingi, Dakta. Ndogo, lakini ipo."

"Ipo," akasema. Akakohoa. "Mama Neema! Mama Neema, hebu njoo hapa." Mkewe akatoka jikoni, mikono ina unga, akasimama mbali na mimi kama alivyozoea tangu mwezi wa nane. "Mwambie mwenyewe," Dakta akaniambia. Nikamwambia mtama wa mumewe unazaa zaidi ya ule wa kienyeji, kidogo, na kidogo hicho ni cha kweli.

"Kidogo," akarudia. "Miaka kumi na kazi imekwenda, kwa kidogo." Akanitazama machoni. "Kwa eka moja ni debe ngapi?"

Nikamwambia kwa madebe. Alikuwa binti wa mkulima, kakulia kwenye nyumba ambayo ghala likiisha kabla ya mavuno watoto walilala mapema ili wasiombe. Nilimwona akihesabu, midomo inacheza, watu wangapi, ugali mara ngapi. Akahesabu tena.

"Hiyo ni Februari," akasema.

"Februari nini?" nikauliza.

"Mwezi wa Februari. Ghala likiisha Januari, hicho kidogo kinafika mwisho wa Februari." Akamgeukia mumewe, uso wake umebadilika kabisa. "Baba Neema, umewapa watu Februari." Kisha akakaa chini pale pale kwenye mchanga kati ya mizabibu, akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti, na Dakta Elia akauweka mkasi chini akaenda kuketi karibu naye.